Maswali ya wasomaji: Siagi ya mezani Kisumu si siagi ya mezani Nakuru

Tangu tuchapishe makala ya kuoka mkate nyumbani, maswali mengi yanayotufikia yanahusu kinachopakwa juu ya mkate wenyewe. Mwezi huu tunajibu ya siagi peke yake. Tukisema siagi tunamaanisha siagi ya maziwa ya ng'ombe. Ile ya mafuta ya mimea ina swali lake mbele kidogo, kwa kuwa tabia zake ni nyingine.

Nikiacha siagi mezani asubuhi, kufikia saa sita imekuwa mafuta matupu. Nikiirudisha kwenye friji inakuwa jiwe na kurarua mkate. Kuna namna ya kuiweka ikakaa laini mchana kutwa? Na ikikaa nje, inafaa kuliwa kwa siku ngapi? (Msomaji, Nyalenda, Kisumu)

Dada, kabla hujanunua chombo chochote, pima joto la jikoni kwako. Siagi hupakika vizuri ikiwa na nyuzijoto 18 hadi 21. Ikifika 25 inalegea mno na kisu kinazama. Ikikaribia 30 inang'aa juu na kuanza kujitenga, na kati ya 32 na 35 inayeyuka yote. Vitabu vya mapishi vinavyosema "iache katika joto la chumba" viliandikwa kwa vyumba vya nyuzi 20 hivi. Kisumu, ukingoni mwa ziwa, mchana hupanda hadi karibu nyuzi 30 takriban mwaka mzima, na chini ya mabati yasiyo na dari joto hupita hapo. Kwa hiyo siagi inayoachwa mezani mchana kutwa Kisumu itayeyuka tu, hata ukiiweka kwenye bakuli la bei gani.

Njia inayofanya kazi ni kutoa kidogo. Pakiti ya gramu 250 ikate vipande vitano vya gramu 50 ingali ngumu. Kipande kimoja kinawatosha watu wanne kwa chai ya asubuhi na ya jioni. Funga kila kimoja kwa karatasi yake ya asili au foili, vyote uvitie ndani ya mkebe wenye kifuniko, kisha uviweke ndani kabisa ya friji. Usiviweke mlangoni, maana mlangoni ndipo joto hupanda na kushuka kila mtu anapotafuta maziwa. Usiku kabla ya kulala toa kipande kimoja, kiweke kwenye bakuli lenye kifuniko mezani. Usiku wa Kisumu hushuka hadi karibu nyuzi 18 hadi 20, hivyo asubuhi utakikuta kimelainika vizuri.

Baada ya chai ya asubuhi, bakuli hilo litie ndani ya hotipoti pamoja na chupa ndogo ya maji baridi ya friji. Hotipoti haijui kama inalinda ugali wa moto au siagi ya baridi, kazi yake ni kuzuia joto lisipite. Chupa ya nusu lita iliyotoka friji huituliza siagi kwa saa kadhaa bila kuigandisha. Usitumie barafu isipokuwa uko tayari kusubiri siagi ilainike tena.

Kuhusu siku, Idara ya Kilimo ya Marekani hushauri siagi isikae nje zaidi ya siku moja au mbili. Kwa Kisumu tunashikilia hapo hapo, tena kwa siagi yenye chumvi. Nakuru, ambako mchana ni kama nyuzi 24 hadi 27 na usiku ni baridi, siagi yenye chumvi iliyofunikwa gizani inaweza kwenda siku tatu au nne bila kubadilika ladha. Isiyo na chumvi ihesabu siku moja tu, popote ulipo.

Chumvi inaleta tofauti hiyo kwa sababu ya maji. Siagi ni mafuta asilimia 80 au zaidi na maji kama 16. Maji hayo hayakusanyiki mahali pamoja, yametawanyika ndani ya mafuta kama matone madogo mno yasiyoonekana kwa macho, na bakteria hukwama humo bila chakula cha kutosha wala nafasi. Chumvi nayo haiyeyuki katika mafuta, inaingia yote katika maji. Pakiti ya gramu 250 yenye chumvi asilimia 2 ina gramu 5 za chumvi ndani ya gramu 40 hivi za maji, yaani maji yenye chumvi mara tatu ya bahari. Wadudu wachache sana wa kuozesha wanaweza kustawi humo.

Nilinunua kile chombo cha siagi chenye umbo la kengele, unajaza siagi kwenye kikombe kisha unakigeuza ndani ya bakuli la maji. Wiki ya kwanza siagi iliangukia majini, wiki ya pili ikaota ukungu. Nimeuziwa takataka? (Msomaji, Section 58, Nakuru)

Chombo ni kizuri, tena Nakuru ni mahali panapokifaa. Asili yake ni Ufaransa, na maji yale hufanya kazi mbili: yanafunga mdomo wa kikombe hewa isiifikie siagi, na yanapunguza joto kidogo.

Siagi huanguka kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kujazwa vibaya. Kikombe kikiwa na unyevunyevu au siagi ikiwa ngumu, haishiki ukutani, panabaki mifuko ya hewa, na siku ya jua inateleza nzima nzima. Kausha kikombe kabisa kwa kitambaa. Lainisha siagi hadi ikubali kidole, kisha ipakaze kwa kijiko kuanzia chini, ukikandamiza kila tabaka hadi hewa itoke, na usawazishe juu. Usijaze hadi ukingoni, acha upana wa kidole. Sababu ya pili ni joto. Jikoni mkipita nyuzi 26 au 27, hakuna ufundi wa kujaza utakaoizuia. Siku kama hizo za Februari badilisha maji asubuhi na adhuhuri kwa maji baridi, au uiweke friji hadi jua litue. Wasomaji wetu wa Kisumu tunawaambia wazi wasitoe pesa zao kwa chombo hiki.

Ukungu unatokana na maji yaliyozeeka au makombo ya mkate. Maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili, yawe yamechemshwa na kupozwa, na utie chumvi nusu kijiko cha chai kwa kila kikombe cha maji. Yafike usawa wa kugusa mdomo wa kikombe kilichogeuzwa tu, yasiibamize siagi. Kisu cha kuchotea kiwe chake peke yake. Kisu kilichotoka kwenye mkate kinapeleka makombo, makombo yanafyonza maji, na ukungu unaanzia hapo. Siagi ikiisha, usiongeze mpya juu ya mabaki. Osha chombo kwa maji moto na sabuni, suuza, kausha juani, ndipo ujaze tena.

Hiyo iliyoota ukungu itupe yote, hata kama doa ni moja. Siagi laini haina mahali unapoweza kukata ukasema hapa ukungu haujafika.

Hatuna friji na stima yenyewe ni ya kubahatisha. Siagi kwetu ni ya sikukuu kwa sababu haikai. Kuna njia ya mtungi? (Msomaji, Yala, Siaya)

Ipo, na vifaa vyake vinapatikana kwenye soko lolote lenye wafinyanzi, kuanzia Kibuye hadi masoko ya vijijini. Utahitaji vyungu viwili vya udongo usiopakwa rangi wala vanishi, kimoja kiingie ndani ya kingine pakibaki nafasi ya vidole vitatu hadi vinne pande zote. Rangi huziba vinyweleo vya udongo, na bila vinyweleo hakuna baridi.

Tandaza mchanga safi chini ya chungu kikubwa, unene wa vidole vitatu, ukalishe kile kidogo juu yake hadi midomo ilingane. Jaza mchanga katikati pande zote. Mimina maji taratibu juu ya mchanga hadi uloe wote bila kuelea. Funika mdomo kwa kitambaa cha pamba au gunia lililoloweshwa. Kiweke chombo kivulini ambako upepo unapita, juu ya stuli ya chuma au matofali, ili upepo ukifikie hata kutoka chini. Barazani ni pazuri kuliko ndani ya nyumba. Kiongeze maji asubuhi na jioni, na siku za jua kali hata mchana. Mchanga ukikauka, kazi imekwisha.

Kinachopoza ni maji yanapotoka kwenye udongo na kugeuka mvuke, kwani yanaondoka na joto la chungu. Hewa ikiwa kavu mvuke hutoka haraka, ikiwa na unyevu mwingi hutoka polepole. Ndiyo maana chombo hicho hicho hupoza vizuri zaidi Nakuru na Baringo wakati wa kiangazi kuliko kando ya ziwa wakati wa mvua za Aprili. Kwenu Yala tarajia kushusha nyuzi chache tu, kama tano mchana mkavu wenye upepo, na pungufu ya hapo mvua ikitanda. Haitoshi kuhifadhi nyama wala maziwa mabichi, msijaribu. Kwa siagi yenye chumvi inatosha, maana tofauti ya nyuzi 29 na 24 ndiyo tofauti ya mafuta na siagi.

Ndani ya chungu mna unyevu mwingi, kwa hiyo siagi iwe ndani ya mkebe unaofunga kabisa, na mkebe ukae juu ya kisahani, usiguse ukuta. Nunua pakiti ndogo, au mnunue moja na jirani mgawane, na iishe ndani ya siku tatu. Njiani kutoka supamaketi ifunge kwa magazeti kadhaa pamoja na pakiti ya maziwa baridi. Siagi iliyokwisha kuyeyuka ndani ya matatu haiokolewi na mtungi.

Siagi yangu imekuwa ya manjano iliyokolea pembeni, ndani bado nyeupe-nyeupe. Imeharibika? (Msomaji, Kakamega)

Bado, lakini imeanza safari. Rangi inayokolea juu ni alama kwamba maji ya juu yamekauka na mafuta yamebaki wazi kwa hewa. Kwangua tabaka hilo la juu kwa kisu, onja kilichobaki. Kikiwa kitamu, kitumie leo au kesho na ukifunike vizuri zaidi.

Siagi huharibika kwa namna tatu, na pua inaweza kuzitofautisha. Hewa na mwanga vinapoyashambulia mafuta, harufu inakuwa ya mafuta ya kukaangia ya juzi au ya rangi ya mbao, na ulimi unapata ukali unaobaki kooni. Mafuta yanapovunjika kwa sababu ya maji na vimeng'enya, inatoka asidi ya butiriki, ile harufu ya matapishi ya mtoto mchanga. Haifichiki. Ya tatu ni ukungu, wa kijani, mweusi au wa waridi, unaoonekana kwa macho. Zote tatu, tupa. Wapo wanaokaangia siagi iliyoingia ukali wakidhani moto utaisafisha. Moto hauondoi ladha hiyo, unaisambaza tu kwenye sukuma wiki yote.

Mwanga husahaulika sana. Bakuli la kioo linapendeza, lakini likikaa dirishani linaiharibu siagi haraka kuliko joto lenyewe. Tumia bakuli la kauri au la udongo uliopakwa kauri, lenye kifuniko kizito. Mikebe ya bati yenye kutu na vyombo vya shaba viepuke kabisa, kwa sababu kutu na shaba huharakisha kazi ya hewa. Na siagi hunyonya harufu. Ikilala kabati moja na omena, vitunguu au sabuni ya kipande, asubuhi mkate utakuambia.

Siagi iliyeyuka kwenye gari, nikaigandisha tena kwenye friji. Sasa ina chengachenga na maji chini. Nifanyeje irudi kama zamani? (Msomaji, Bungoma)

Hairudi. Siagi ni mafuta yaliyoshikana kwa fuwele ndogo huku matone ya maji yakiwa yametawanyika katikati. Ikiyeyuka, maji yanazama chini, na ikigandia tena polepole fuwele zinakuwa kubwa, ndizo hizo chengachenga ulimini. Kama iliyeyuka siku hiyo hiyo na haina harufu, itumie kupikia: chapati, wali, mayai, au ifanye samli. Usiitumie kuoka keki.

Blue Band inakaa kabatini miezi bila friji. Kwa nini siagi isifanywe vivyo hivyo? (Msomaji, Naivasha)

Majarini hutengenezwa kwa mafuta ya mimea yaliyochaguliwa na kuchanganywa makusudi yawe laini lakini yasiyeyuke katika joto la kwetu, na huongezwa vihifadhi. Mafuta ya maziwa hayachaguliwi, yanakuja jinsi ng'ombe alivyoyatoa. Soma maandishi ya pakiti kabla ya kulipa, kwa sababu madukani zote mbili huitwa siagi. Ukiona mafuta ya mawese au ya alizeti kwenye orodha, si siagi ya maziwa.

Mwenye friji anayetaka siagi ya maziwa inayopakika moja kwa moja ikitoka humo anaweza kuichanganya mwenyewe: gramu 200 za siagi iliyolainika na mililita 100 za mafuta ya alizeti, zipigwe kwa mchapo dakika mbili hadi zishikane, kisha zirudi friji ndani ya mkebe. Mchanganyiko huu hautakiwi kukaa mezani, unalegea upesi kuliko siagi tupu.

Tuna ng'ombe wawili aina ya Jersey. Ninasuka siagi mwenyewe, ladha ni nzuri sana siku ya kwanza, siku ya tatu inachacha na kutoa maji. Ya dukani haifanyi hivyo. Ninakosea wapi? (Msomaji, Kitale)

Swali zuri, na ng'ombe wako ni wa kusifiwa, maana maziwa ya Jersey hufikia mafuta asilimia 5 hivi wakati ya Friesian huwa kama 3.5. Kwa maelezo yako, siagi yako bado ina mtindi ndani. Maziwa yanayobaki kati ya chembe za siagi yana sukari na protini, na hicho ndicho chakula cha bakteria. Haya hapa maeneo manne ya kurekebisha.

Krimu ipashwe moto kwanza. Ipashe hadi nyuzi 66 uishikilie hapo dakika 30 ukikoroga, au kama huna kipimajoto ipandishe hadi mvuke utoke na ukingo uanze kutetemeka, kisha uiteremshe. Hatua hii inaua vijidudu vya kuchachusha na vya magonjwa, ikiwemo bruselosisi, ambayo hupita hata kwenye siagi ya maziwa mabichi. Ipoze mara moja kwa kuikalisha sufuria ndani ya beseni la maji baridi, ukibadilisha maji mara mbili tatu.

Kisha ilale. Krimu inayosukwa ikingali vuguvugu hutoa siagi ya ulojo inayoshika mtindi mwingi. Iache usiku mzima mahali pa baridi kabisa, ndani ya friji ikiwezekana, mafuta yapate kuganda. Joto la kusuka liwe nyuzi 12 hadi 14. Baridi ya alfajiri ya Kitale inakusaidia, kwa hiyo suka asubuhi na mapema badala ya mchana. Jaza chombo nusu tu, krimu inahitaji nafasi ya kugonga. Dakika 15 hadi 30 zinatosha. Ikizidi hapo bila dalili ni baridi mno, ikitoka ndani ya dakika tano ni moto mno.

Simama chembe zikiwa na ukubwa wa punje za mtama. Kosa la wengi liko hapa: wanaendelea kusuka hadi donge moja kubwa linaundwa, nalo linafungia mtindi ndani ambao hautoki tena. Ukiona punje, mwaga mtindi kupitia chujio, na usiutupe, ni mzuri kwa mandazi. Mimina maji baridi yaliyochemshwa na kupozwa, kiasi sawa na mtindi uliotoka, tikisa polepole, mwaga. Rudia mara mbili au tatu hadi maji yatoke maangavu kama yalivyoingia. Yakiendelea kuwa na wingu, mtindi bado umo.

Mwisho, kanda na utie chumvi. Mwiko wa mbao uloweke kwanza kwenye maji baridi ili siagi isiung'ang'anie. Kwa kilo moja ya siagi tia gramu 15 hadi 20 za chumvi laini, kama vijiko vitatu vya chai vilivyosawazishwa. Chumvi ya mawe usitumie: haiyeyuki yote, na kila punje inavuta maji kutoka pande zote, ndiyo hayo unayoyaona yakichuruzika. Kandamiza na kukunja kwa mwiko, usiisugue, hadi ukikata kwa kisu usione tone lolote usoni mwa mkato. Ukiona matone, endelea. Ikianza kunata na kung'aa kama mafuta ya kujipaka, umezidisha, ipumzishe mahali pa baridi.

Lita moja ya krimu nzito hutoa karibu gramu 400 za siagi. Hata ukifanya yote haya, siagi ya nyumbani huwa na matone makubwa ya maji kuliko ya kiwandani. Weka ya siku mbili mezani, nyingine igandishe katika vipande vidogo, ambako kwa nyuzi 18 chini ya sifuri hukaa miezi sita bila wasiwasi.

Keki zangu hujaa mafuta chini na haziumuki, ingawa ninafuata kila kipimo. Mwalimu wa kuoka kwenye video anasema siagi ilainike kabisa kabla ya kupigwa na sukari. (Msomaji, Milimani, Kisumu)

Kwake kulainika kabisa ni nyuzi 18 hadi 20. Kwako ni 28. Siagi inapopigwa na sukari, punje za sukari huchimba vishimo vya hewa ndani ya mafuta yaliyogandamana kiasi, na hewa hiyo ndiyo inayopanuka ndani ya oveni. Mafuta yaliyolegea hayashiki hewa. Toa siagi friji dakika 15 hadi 20 tu kabla, ikate vipande vya ukubwa wa kidole, na upige ikiwa bado inapinga kidogo. Bakuli likianza kuwa vuguvugu, likalishe juu ya maji baridi dakika mbili halafu uendelee. Mchanganyiko sahihi unakuwa mweupe na mwepesi. Ukiona unang'aa, joto limeshapita. Mayai nayo yasitoke friji moja kwa moja, yanaukata mchanganyiko.

Kwetu shida ni kinyume, asubuhi ya Julai siagi ya mezani ni jiwe. (Msomaji, Molo)

Kata slesi nyembamba au ikwaruze kwa kikwaruzio cha karoti, dakika tano inakuwa tayari. Njia nyingine ni kujaza glasi nene maji yanayochemka, kusubiri dakika moja, kumwaga, kuikausha vizuri na kuifunika nayo siagi kwa dakika tano. Ukitumia maikrowevu, iwe nguvu ndogo kabisa na sekunde tano tano, ukiigeuza kila mara, kwa sababu huyeyusha katikati huku nje kukiwa kugumu. Usiku ihifadhi ndani ya hotipoti tupu iliyofungwa, haitapoa kama iliyo wazi mezani.

Naweza kuchanganya siagi na vitunguu saumu na dhania, niiache mezani kwa wageni? (Msomaji, Eldoret)

Kwa saa mbili za mlo, ndiyo. Zaidi ya hapo iende friji, na iishe ndani ya siku nne au igandishwe. Saumu mbichi hutoka ardhini na inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ambao hupenda mahali pasipo hewa kama ndani ya mafuta, na sumu yao haina harufu. Katika ukurasa huu wote, hili ndilo tusilolipa nafasi ya kujaribu.

Bibi yangu alikuwa na mo, samli ya Kiluo, kwenye chungu miezi na miezi. Je, siagi ya dukani inaweza kufanywa hivyo? (Msomaji, Homa Bay)

Inaweza, na kwa nyumba isiyo na friji kando ya ziwa ndiyo njia tunayoipendekeza kuliko zote, ingawa kinachotoka ni samli, si siagi ya kupaka kwa kisu. Nunua isiyo na chumvi, kwani chumvi hubaki chini. Tia gramu 500 kwenye sufuria yenye kitako kizito, moto mdogo. Itatoa povu jeupe na kupasukapasuka, hayo ni maji yanayotoka. Baada ya dakika 15 hadi 20 mlio unapungua, mafuta yanakuwa angavu, na chenga zilizo chini zinaanza rangi ya kahawia na harufu ya karanga za kukaanga. Epua hapo hapo, nusu dakika zaidi zinaungua na samli inakuwa chungu. Subiri dakika tano, chuja kwa kitambaa safi kikavu ndani ya chupa ya kioo iliyokaushwa kabisa. Utapata gramu 400 hivi.

Usiifunike ikiwa moto. Mvuke utagonga kifuniko, matone yatarudi ndani, na samli yenye maji haina tofauti na siagi. Ikipoa funga, iweke kabatini gizani, na kijiko cha kuchotea kiwe kikavu kila mara. Itakaa miezi kadhaa. Kwenu itakuwa nusu imeyeyuka nusu chenga kwa ajili ya joto, na hiyo ni sawa. Aliya (nyama iliyokaushwa) na apoth (mrenda) haviulizi.

Sisimizi wanaingia kwenye bakuli la siagi hata likifunikwa. (Msomaji, Kericho)

Likalishe bakuli katikati ya sahani pana yenye maji kina cha sentimita moja, lisiguse ukuta wala kitambaa cha meza kinachoning'inia. Badilisha maji kila siku, na tone la sabuni ya maji kwenye sahani linawazuia kuelea juu ya maji na kuvuka.